Fedha za CSR na ufundi stadi: kulipia ada VETA, kuchukua wanagenzi, kumfuata fundi wa mtaani, au kujenga chuo?

Kampuni nyingi zikishagawa madawati na kupanda miti ya kutosha kwa fedha za CSR, yaani wajibu wa kampuni kwa jamii, hugeukia ufundi stadi. Inaeleweka. Mkuu wa wilaya anaupenda mradi wa namna hiyo, mahafali yana picha nzuri, na kijana aliyepata ujuzi hatarudi mwakani kuomba tena. Kazi huanza pale ambapo mtu mmoja, mara nyingi afisa rasilimali watu au afisa mahusiano na jamii, anakabidhiwa fungu la fedha na kuambiwa alete pendekezo kabla ya kikao cha bodi. Akiuliza huku na huko ataletewa majina ya vyuo, ankara, na mkandarasi aliye tayari kumjengea jengo.

Nimewahi kuzishika fedha hizo nikiwa ndani ya kampuni, kisha nikawa upande wa wanaozipokea. Hapa nalinganisha njia nne zinazotumika Tanzania Bara: kulipia vijana ada katika vyuo vya VETA (mamlaka ya serikali ya ufundi stadi), kuwachukua wanagenzi kwenye karakana yako mwenyewe, kuwafuata mafundi wa mtaani ambao kazi wanaijua ila cheti hawana, na kujenga chuo chako. Kwenye taarifa ya mwaka zote nne zitaandikwa "kuwawezesha vijana". Kwa kijana mwenyewe hazifanani hata kidogo.

## Angalia kwanza unacholipa tayari

Mkurugenzi wa fedha atakuambia, "Sisi SDL tunalipa." Ana hoja. Mwajiri mwenye wafanyakazi 10 au zaidi hulipa tozo ya kuendeleza ujuzi (ndiyo hiyo SDL), ambayo Julai 2023 ilishushwa hadi asilimia 3.5 ya mishahara yote, na kwa mujibu wa sheria theluthi ya tozo hiyo ni fungu la VETA. Kwa kiwango hicho, kampuni yenye mishahara ya shilingi milioni 100 kwa mwezi inatoa milioni 42 kwa mwaka. (Kenya mwajiri hutozwa shilingi 50 za huko kwa kila mfanyakazi kwa mwezi, zinakwenda NITA, mamlaka yao ya mafunzo ya viwandani. Ukiwasimulia wenzetu asilimia 3.5 wanashika kichwa.) Fedha ya CSR inakuja juu ya hiyo, kwa hiyo ina maana tu ikienda mahali ambapo tozo haifiki. Kigezo hicho nitakitumia kwa njia zote nne.

Kama wewe ni mgodi, huna hiari. Sheria ya Madini, baada ya marekebisho ya 2017, inamtaka mwenye leseni aandae mpango wa CSR kila mwaka na akubaliane na halmashauri. Kampuni nyingine hazijawekewa asilimia yoyote. India wao waliiweka: Sheria ya Kampuni ya 2013 inazitaka kampuni kubwa zitumie angalau asilimia 2 ya wastani wa faida ya miaka mitatu, na ujuzi wa ufundi umetajwa humo waziwazi kuwa moja ya maeneo yanayokubalika.

Jambo la mwisho kwa mhasibu wako. Michango ya hisani hupunguzwa kwenye mapato yanayotozwa kodi hadi ukomo wa asilimia 2 ya mapato ya biashara, lakini mchango unaotolewa chini ya kifungu cha 12 cha Sheria ya Mfuko wa Elimu ya 2001, unaosimamiwa na Mamlaka ya Elimu Tanzania (TEA), hauguswi na ukomo huo. Kampuni nyingi hulikumbuka hili baada ya fedha kutoka.

## Kulipia ada

Hii ndiyo njia nyepesi. Unaandikiana na chuo, unapewa orodha, unalipa, unaalikwa kwenye mahafali. Ada ya kozi ndefu katika vyuo vya VETA imekaa kwa miaka mingi kwenye shilingi 60,000 kwa mwaka kwa mwanafunzi wa kutwa na 120,000 kwa wa bweni. Chukua milioni 50, gawa kwa 60,000, unapata vijana 833. Bodi ikiiona namba hiyo inapiga makofi.

Sasa mchukue kijana mmoja wa Mbagala anayesoma chuo cha VETA Chang'ombe. Hata tukijifanya anapanda daladala moja tu, kwa shilingi 600 kwenda na 600 kurudi, siku 20 za masomo zinakula 24,000 kwa mwezi. Kabla miezi mitatu haijaisha, nauli imeshaipita ada ya mwaka mzima. Kwa miezi 10 ni 240,000. Mpe chakula cha mchana cha 1,500, unaongeza 300,000. Weka ovaroli, buti na vifaa vyake vidogo vidogo, tuseme 100,000. Jumla na ada ni 700,000. Zile milioni 50 sasa zinatosha vijana 71.

Hapo ndipo penye uamuzi wenyewe. Kijana wa familia duni akiacha chuo, mara nyingi hukuti deni la ada. Unakuta kwamba nauli ilikatika, au mama aliugua, au alipata kibarua cha siku akaona bora akishike. Ukilipia ada pekee umelipia kipande kidogo kuliko vyote, na kipande ambacho serikali tayari imekipunguza. Napendekeza 71 bila kusita.

Kuna hoja nyingine ambayo vyuo havitakuambia vyenyewe. Nafasi za VETA ni chache kuliko waombaji. Ukimlipia kijana ambaye ameshachaguliwa na ameshapata kitanda, umempunguzia mzazi mzigo, jambo jema, lakini hujaongeza fundi hata mmoja nchini. Kama unataka kuongeza, kaa na mkuu wa chuo mzungumzie zamu ya jioni, malipo ya walimu wa ziada na malighafi za kufanyia mazoezi: mbao, vyuma, waya, vitambaa. Karakana nyingi hazikosi mashine kiasi cha kukosa kitu cha kuweka kwenye mashine. Mwanafunzi wa kuchomelea anayeunga vipande vilevile vya chuma mpaka vinachakaa hawezi kuwa fundi, hata awe na mwalimu hodari kiasi gani.

Usilipie ngazi ya kwanza peke yake. Tuzo za taifa za ufundi stadi zina ngazi tatu, kila moja takriban mwaka, na kijana wa ngazi ya kwanza akitoka hapo huishia kuwa saidia fundi. Kama fedha yako ni ya mwaka mmoja tu, kozi fupi ya fani moja iliyonyooka ina faida kuliko theluthi ya kozi ndefu.

Kuhusu orodha ya majina, sina adabu. Ukiiachia ofisi moja ikuletee majina, utapata wajomba na mashemeji. Chukua majina kutoka kwa mwenyekiti wa mtaa, mwalimu mkuu wa shule ya karibu na msikiti au kanisa, uone yanapokutana, kisha mtu wako aende nyumbani kwa kijana. Saa moja ya kukaa kwenye mkeka na mama yake inakueleza zaidi ya fomu ya kurasa nne.

## Uanagenzi ndani ya kampuni yako

Mwanagenzi anagawa muda wake kati ya chuo na kazini. Chuoni anapata nadharia, michoro, hesabu na mtihani. Kiwandani mkono unakuwa mwepesi, kwa sababu mashine inafanya kazi ya mteja wa kweli na kuna mtu atakayegomba ikichelewa. Serikali ilitoa miongozo ya taifa ya uanagenzi na ya mafunzo kazini kwa wahitimu mwaka 2017, na VETA imeendesha mafunzo ya mfumo huu kwa ushirikiano na chemba ya mafundi ya Hamburg, mji dada wa Dar es Salaam. Kwa hiyo huanzi sifuri. Mitaala ipo na mikataba ya mfano ipo.

Kwa kijana, sioni njia bora kuliko hii. Anayemaliza hapa anatoka na cheti, na mtu wa kumpigia simu akiulizwa "ulifanya kazi wapi?" Swali hilo ndilo linalowamaliza wahitimu wa chuo peke yake.

Gharama yake kubwa haiji kwenye ankara. Ni muda wa fundi wako mkuu. Siku utakayomletea vijana sita atakuuliza, "Bosi, nina oda ya kutoka Ijumaa. Hawa watoto niwaweke wapi?" Ukimjibu "utajua mwenyewe", watashika fagio mpaka mkataba uishe. Dawa yake ni kuamua kabla hawajafika: fundi mmoja asimamie wawili, wakizidi watatu, apewe posho inayoonekana kwenye karatasi ya mshahara, na meneja uzalishaji apunguziwe malengo ya miezi ile ya mwanzo. Kampuni isiyokuwa tayari kuupunguza uzalishaji hata kidogo ilipie ada tu, haina aibu.

Kama unataka kujua uanagenzi wa mahali fulani ni wa kweli, omba daftari la kumbukumbu la mwanagenzi yeyote, ufungue katikati. Nimewahi kufungua ukurasa wa wiki nzima ulioandikwa kwa mwandiko mzuri kabisa: Jumatatu usafi, Jumanne usafi, Jumatano kusaidia kubeba, Alhamisi usafi, Ijumaa kusaidia. Chini kuna sahihi na muhuri. Daftari lililo hai linasomeka vingine: "Tulifungua pampu namba mbili, beringi ya nyuma ilikuwa imeliwa, nikatoa ya zamani kwa pula, fundi akaweka mpya, nikapima." Maneno ni ya kijana, makosa ya tahajia ni yake, na unaona siku inayofuata inaendelea pale ilipoishia jana.

Mambo ya usalama yamalizwe mapema. Uliza WCF (mfuko wa fidia kwa wafanyakazi) na OSHA (wakala wa usalama na afya mahali pa kazi) namna ya kuwaandikisha wanagenzi kabla ya siku ya kwanza. Kijana wa miaka 19 mbele ya msumeno wa duara si mgeni wa kutembezwa kiwandani, na kidole kikikatika hakuna anayetaka kusikia kwamba alikuwa "kwenye mradi wa CSR".

Halafu kuna wanaosema kwamba hii si CSR, ni kuajiri kwa bei poa. Mara nyingine wana haki. Angalia tangazo: kama linadai ufaulu wa masomo manne kidato cha nne, hesabu na fizikia zikiwemo, basi kampuni inajitafutia wafanyakazi, na kijana wa familia duni amechujwa kwenye mstari wa pili. Jaribio la kusoma maelezo mafupi na kupima kwa rula linatosha kwa fani nyingi. Nikishaona vigezo vimefunguliwa hivyo, sina tatizo kampuni ikifaidika. Ikifaidika itaendelea hata mwaka ambao faida ni ndogo, wakati miradi ya hisani tupu ndiyo hukatwa kwanza.

Wengine watamaliza na kuhamia kwa mshindani wako. Hilo lihesabu kama sehemu ya mchango.

## Fundi wa mtaani ambaye tayari anajua

Nenda Keko, Dar es Salaam, uone makochi yanavyotoka, au mtaa wa Gerezani uone vyuma vinavyokunjwa. Wengi wa wale hawakupita chuo chochote. Walianza wakiwa spana boi au saidia fundi, wakapigwa kelele miaka minne mitano, leo nao wana vijana chini yao. Ufundi wa nchi hii hujifunziwa huko zaidi kuliko madarasani, na ndiko ambako fedha za CSR haziendi.

Mchukue fundi umeme wa mtaani mwenye miaka 10 kazini. Anafunga nyumba nzima, kazi safi, mteja anaridhika. Lakini ili TANESCO walete umeme, fomu inahitaji muhuri wa mkandarasi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, na yeye hana, kwa sababu hana cheti cha kuombea leseni. Kwa hiyo anamtafuta mwenye muhuri, anamlipa, na yule anagonga kwenye kazi ambayo pengine hajaitia machoni. Kila nyumba anatoa fungu kwa ajili ya karatasi. Na siku hitilafu ikitokea, aliyegonga muhuri hakuwepo na aliyefunga hatambuliki.

VETA ina utaratibu wa kumtambua mtu kama huyu, unaoitwa urasimishaji wa ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi. Mtahini anamfuata fundi kwenye kazi zake, anamhoji, anamwangalia akifanya, anabaini mapengo. Anapewa mafunzo mafupi ya kuziba mapengo hayo tu, kisha cheti. Uashi, useremala, ufundi magari na upishi ni miongoni mwa fani zilizotangulia. Serikali nayo imegharamia mafundi kwa njia hii kupitia Programu ya Taifa ya Kukuza Ujuzi, ila wenye uhitaji bado ni wengi.

Mapengo yenyewe mara nyingi ni madogo na ni yaleyale: fundi umeme hajawahi kupima waya wa ardhini kwa kipimo, anaamini macho, mwashi anajua uwiano wa saruji na mchanga kwa ndoo lakini hasomi mchoro, fundi gereji anajua injini za zamani na anakwepa gari lolote lenye kompyuta. Wiki chache zinatosha. Na yule akirekebishika, vijana walio chini yake wanajifunza kilicho sahihi kuanzia siku hiyo bila wewe kuwalipia chochote. Kwa kila shilingi, hapa ndipo ninapoona fedha inafika mbali kuliko kwingine.

Lakini usidhani mafundi watakupokea kwa vigelegele. Wa kwanza atauliza kama cheti hiki kitamletea TRA mlangoni. Jibu kwa ukweli: TIN ataihitaji akitaka kazi za kampuni na zabuni za serikali, na ndiko cheti kinakomfungulia. Wa pili atauliza nani atamlipa siku atakayokaa darasani, na ana haki, maana siku isiyo na kazi kwake haina chakula. Weka fidia ya siku hizo kwenye bajeti, au mfanye mafunzo jioni palepale kijiweni. Wa tatu hatauliza kitu kwa sababu hasomi vizuri na hataki wenzake wajue. Kwa huyo, hakikisha mtahini anapima kwa mdomo na kwa vitendo.

Udhaifu wa njia hii niuseme wazi. Haimsaidii asiye na ujuzi kabisa. Wanaofaidika wengi ni wanaume wa makamo, kwa hiyo kama bodi yako imeahidi wasichana na vijana wa miaka 18, hutaitimiza ahadi hapa. Na haina picha: hakuna jengo, hakuna joho, kuna mtu mzima ameshika karatasi mbele ya gereji yake. Nimewahi kuona pendekezo zuri la namna hii likikataliwa kwa sababu hiyo tu, ingawa kwenye kumbukumbu za kikao waliandika sababu nyingine.

## Kujenga chuo chako

Kwa kampuni nyingi, usijenge. Serikali ilianza 2023 kujenga vyuo 64 vya VETA vya wilaya na kimoja cha mkoa wa Songwe. Majengo yanakuja. Kitakachopungua ndani yake ni mashine, malighafi na walimu waliowahi kufanya kazi kiwandani. Kumlipia fundi wako mmoja akasomee ualimu wa ufundi katika chuo cha Morogoro, kisha umwachie afundishe siku mbili kwa wiki, kutasaidia kuliko ukuta wenye nembo yako.

Ukiwa na mahitaji maalumu kweli, ungana na wenzako. Kampuni za migodi zilifanya hivyo kwa IMTT, programu ya mafunzo ya ufundi wa migodini, katika chuo cha VETA Moshi: chuo kilikuwepo, wao wakaleta fedha, viwango na nafasi za mazoezi migodini. Kila mgodi ungejenga cha kwake, leo tungekuwa na magofu kadhaa.

## Msichana mwenye mtoto

Njia zote nne zinamsahau, ndiyo maana anastahili nafasi yake. Kozi ya kutwa ya VETA haina pa kumwacha mtoto, uanagenzi wa zamu ya usiku hauwezekani, na mtaani ufundi wenyewe ni wa wanaume.

Hapa ndipo vyuo vya maendeleo ya wananchi, FDC, vinapoingia. Viko 54 vya serikali, vilianza 1975 kwa kufuata mfano wa vyuo vya wananchi vya Sweden, na vimetawanyika mpaka wilaya ambazo wafadhili hawafiki. Vingi vina sehemu ya kulelea watoto wakati mama yuko darasani, na programu ya Elimu Haina Mwisho imewarudisha humo wasichana walioacha shule. Majengo ni ya zamani, na baadhi ya karakana zinatia huruma. Fedha kidogo inaonekana haraka: mlezi wa pili wa watoto, godoro, uji wa saa nne. Vitu hivi havimo kwenye fomu yoyote ya CSR niliyowahi kuiona, na ndivyo vinavyoamua kama mama atamaliza kozi.

Usimpeleke moja kwa moja kwenye ushonaji kwa kuwa ni mwanamke. Hesabu kwanza cherehani zilizopo sokoni kwao. Kama kila kibaraza kina fundi nguo, mwulize kuhusu umeme, bomba, aluminiamu, au kupaka rangi.

## Fani na zana

Miaka ya mwanzoni ya 2010 gesi ilipogunduliwa baharini kusini, kampuni zilizokuwa kwenye utafutaji zilisaidia kuinua mafunzo katika vyuo vya VETA Mtwara na Lindi, kazi ikifanywa na shirika la kujitolea la VSO. Kiwanda kikubwa cha kusindika gesi cha Lindi mpaka sasa hakijaanza kujengwa. Kilichowaokoa waliosoma ni kwamba fani zenyewe zilikuwa za kawaida, kama kuchomelea, umeme na ufundi magari, zinazouzika popote penye nyumba na magari. Kama mradi wako unategemea ajira za kitu ambacho hakijajengwa, fundisha kinachouzika hata kisipojengwa.

Kuhusu zana, kampuni hupenda kumkabidhi kila mhitimu begi la vifaa jukwaani. Baadhi ya mabegi huuzwa wiki hiyohiyo, na siwalaumu: mtu ana njaa na ana kitu cha kuuza. Bora zana zitolewe baada ya miezi mitatu ya kazi, kwa mkopo mdogo au kwa kikundi. SIDO wapo tangu 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo. Halmashauri zina mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Kazi yako inaweza kuwa kumlipa mtu mmoja wa kuwasaidia wahitimu kuunda kikundi na kujaza makaratasi. Kenya, taasisi ya benki ya KCB ilipoanzisha 2jiajiri mwaka 2016 iliyaunganisha mafunzo na mitaji tangu mwanzo, na hilo ni la kuigwa.

## Basi uchague ipi

Una kiwanda, karakana inayofanya kazi, na meneja uzalishaji anayekusikiliza: chukua wanagenzi, hata wawe wanne tu. Anza na wachache kuliko unavyotaka.

Una fedha lakini kampuni yako ni ya huduma, tuseme benki, bima au simu, na huna hata spana: fedha yote kwa mafundi wa mtaani, au igawe kati yao na FDC iliyo karibu nawe. Hapa najua wengi watanibishia, watasema kampuni ya simu ina wahitimu wa kompyuta wa kuwasaidia. Wasaidie, ila kijana mwenye kompyuta ana milango mingi kuliko fundi bomba asiye na cheti.

Una fungu dogo la mwaka mmoja na bodi inayotaka majina na picha: lipia ada, lakini lipa na nauli na chakula, na ukatae kuandika 833.

Wewe ni mgodi unaokubaliana na halmashauri: mtashawishiwa kwenye jengo. Mkiwa mezani, ombeni kwanza orodha ya karakana zilizopo wilayani na mashine zilizolala humo.

Njia yoyote utakayoshika, weka kwenye mkataba sharti moja: sehemu ya malipo ya chuo au mtoa mafunzo ibaki mpaka miezi sita baada ya kumaliza, itolewe baada ya mtu wako kuwapigia simu wahitimu wote na kuuliza jana walifanya kazi gani na walilipwa na nani. Vyuo vitalalamika kwamba ajira haiko mikononi mwao. Ni kweli kwa kiasi, kwa hiyo fungu hilo liwe dogo, la kuwafanya wahifadhi namba za simu za wahitimu.

Na angalia kalenda. Kozi ndefu za VETA huanza Januari, na maombi hupokelewa miezi ya kabla yake, kwa kawaida Agosti hadi Oktoba. Kama bodi yako hupitisha bajeti Desemba, umeshachelewa kwa mwaka mzima upande wa ada. Urasimishaji wa mafundi hausubiri muhula, unaweza kuanza mwezi wowote.